Vichupa Kumi Visivyo na Namba

Kila siku baada ya masomo, Chiriku alipitia maabara alikofanya kazi shangazi yake. Jina hilo la utani alilipata kwa domo lake. Binti yule akianza kusema, utadhani kameza redio. Alivaa koti jeupe lililomfika visigino, akaleta barafu, akauliza maswali mpaka shangazi akaomba poo.

Kwa wiki tatu shangazi alikuwa akihangaikia kimeng'enya cha mmea fulani, yaani protini inayoharakisha kazi za kikemikali mwilini, ambacho daktari mmoja alikihitaji katika utafiti wa dawa ya figo. Mmea wenyewe hutoa kidogo mno, kwa hiyo bakteria ndio waliopewa kazi ya kukitengeneza. Siku hiyo shangazi aliwapasua bakteria hao, akauchuja mchuzi wao, matone yakaingia katika vichupa kumi, kimoja baada ya kingine. Vyote vilionekana kama maji tu. Kwa mpangilio wa kujazwa kwake, shangazi alijua kuwa kimeng'enya safi kilikuwa katika cha sita na cha saba. Vingine vilikuwa uchafu wa kumwagwa.

Shangazi akatoka kupokea simu. Chiriku akainua kibao cha vichupa ili avitazame vizuri, kikamponyoka. Vichupa vikasambaa mezani. Hakikupasuka hata kimoja, lakini havikuwa na namba. Akavirudisha kwa kubahatisha, akaketi kimya.

"Leo umemeza ulimi?" shangazi akamtania aliporudi. Akafungua kichupa cha kwanza, akakiinamisha juu ya sinki.

"Shangazi, usimwage," Chiriku akasema, machozi yakimlengalenga. "Niliviangusha. Sijui kipi ni kipi."

Shangazi akakunja uso, akashusha pumzi. Akachukua tone kutoka kila kichupa, akalitilia maji ya kupimia, ambayo hugeuka manjano yakikutana na kimeng'enya hicho. Wakasubiri. Matone mawili yakakolea manjano. Moja lilitoka katika kichupa kile kile alichotaka kumwaga.

"Kuponyokwa ni bahati mbaya, mwanangu," shangazi akasema, akimvuta karibu. "Lakini ungenyamaza, ningemwaga jasho la wiki tatu na kumpelekea daktari uchafu. Angesema dawa haifai, na wagonjwa wangekosa tiba kwa sababu ya aibu yako. Ukikosea, sema mapema, kabla kosa halijamfikia asiyehusika. Hata mimi nimekosea: nilitegemea mpangilio, sikuandika namba. Shika kalamu, tuandike."