Mara Saba

Jua lilikuwa limeegemea vilima vya Kinango nilipofika kwa shemeji Garama na chupa ya dawa ya homa kutoka Ukunda. Kazi yangu ni kuchekesha wageni katika hoteli moja ya Diani, na kwa shemeji huwa naanza kazi nikiwa bado njiani. Huo ndio utani wetu. Mashemeji hatununiani, hata penye mgonjwa.

"Hodi kwa mchunga mifupa."

Garama hakucheka. Mkewe, dadangu Rispah, alikuwa ndani amempakata binti yao, Mbeyu. Kikohozi cha mtoto kilisikika hadi uani.

Na mbuzi walikuwa wanaizunguka nyumba.

Sita. Mmoja nyuma ya mwenzake, bila mchungaji. Kila mgongo ulikuwa na tarakimu moja ya chokaa. Nilizisoma walivyopita: 1, 4, 2, 8, 5, 7.

"Ni kazi ya mganga wa Jego," Garama akaninong'oneza. "Kinachomtaka mtoto huhesabu kabla hakijaingia. Kikiihesabu namba hii, kinapotea."

Nikatabasamu. Namba hiyo naijua, hunilisha jukwaani. "Izidishe kwa mbili, utapata 285,714. Mbuzi walewale, wameanzia kwa mwingine tu. Kwa tatu, 428,571. Nne, tano, sita, duara lilelile. Haina mlango, shemeji."

"Basi iache hivyo."

"Ila kwa saba..."

"Usitaje." Akanishika mkono. "Mganga alikataza hilo moja."

Ningenyamaza. Lakini shemeji akikukataza, hapo ndipo utani unaponoga.

"Kwa saba," nikasema kwa sauti ile ya jukwaani, "ni 999,999."

Mbuzi wakasimama.

Ikaja harufu ya chokaa mbichi... Nikatazama migongo. Tisa. Tisa. Tisa. Wote sita.

Kikohozi kikakatika.

Nyuma ya nyumba, hatua ndogo. Zilikuja polepole, zikifuata njia ya mbuzi. Mbeyu akatokea, miguu mitupu, macho makavu, hana dalili ya homa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba." Mdomo wangu huwa unajibu kabla yangu.

Kutoka ndani Rispah akanong'ona, "Kaka... unamwitikia nani? Mbeyu nimempakata hapa."

Yule wa nje akanitabasamia. Akanipita. Akaingia.

Asubuhi alikuwepo Mbeyu mmoja, mzima, anakunywa uji. Chupa ya dawa haikuwa imefunguliwa. Migongoni mwa mbuzi tarakimu zilikuwa zimerudi kama mwanzo. Dadangu alimtazama mtoto kwa muda mrefu, kisha akanitazama mimi. Hakuuliza ni yupi.

Tangu hapo mbuzi hawaizunguki nyumba. Humzunguka mtoto, popote anaposimama, na hawampi nafasi ya kutoka.