Wakili Wangu Aliniozesha Mwanamume Asiyekuwepo

Wasomaji wenzangu, nina miaka arobaini na sita na watoto wanne. Ninaishi katika chumba cha kupanga mjini Molo na kuuza viazi kando ya barabara, ilhali shamba langu liko Olenguruone na wanaolivuna ni watu wengine. Nikisema "langu" najua wapo watakaonicheka, maana mahakama ilisema si langu. Basi wacheke. Wakifika mwisho wa kisa hiki, tutaona nani bado anacheka.

Siandiki ili mnihurumie. Huruma nimepewa ya kutosha, na haipikiki! Naandika kwa sababu nina hasira, na hasira isiyosemwa humla mwenyewe.

Niliolewa nikiwa msichana wa miaka kumi na tisa. Aliyenioa alikuwa mwanamke...

Najua wengine mmeshaguna. Tulieni. Kwetu Wakipsigis, mjane asiyejaliwa mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe wa mahari na kuoa msichana ili nyumba yake isizimike. Si mambo ya mapenzi, ni mambo ya ukoo. Anayeoa ndiye mume, na watoto ambao msichana atawazaa na mwanamume aliyekubaliwa na ukoo ni wake. Wanabeba jina lake na kurithi shamba lake. Mume wangu aliitwa Taplelei. Mimi nilimwita Mama. Wanangu walimwita kogo, yaani nyanya, lakini kimila yeye ndiye aliyekuwa baba yao.

Siku ya harusi tulifungana nyasi mikononi mbele ya ukoo mzima, kama wafanyavyo maarusi wengine wote wa kwetu. Na niwaambie ukweli, nilipata mume mwema! Hakuwahi kuniinulia mkono. Nilipojifungua alinipikia uji mwenyewe, na yeyote aliyekuja na mdomo wake alifukuzwa hadi langoni. Je, ninyi mlioolewa na wanaume, ni wangapi mnaoweza kusema hayo?

Jirani yetu alikuwa mjane mmoja, rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Mwanawe nitamwita Gideon, ingawa si jina lake. Kijana alikuwa na kichwa chepesi lakini nyumbani hakukuwa na karo. Mama Taplelei akauza ndama, mwaka uliofuata akauza mwingine, hadi Gideon akamaliza sekondari. Alikula ugali wetu. Alikunywa mursik, maziwa yetu ya kibuyu, na akamwita Mama "kogo" kama wanangu walivyomwita. Shikeni hilo, wasomaji. Gideon hakuwa mgeni wa nyumba ile wala wa mila zake.

Mama alipofariki tulimzika shambani, nyuma ya nyumba. Matanga hayajaisha, Joel, mtoto wa shemeji yake, akaanza kutembea mipakani akipima kwa hatua. Alitangaza kwamba mimi nilikuwa kijakazi tu wa kukamua ng'ombe. Kisha akaenda mahakamani Nakuru kudai urithi.

Ningekimbilia kwa nani? Kwa Gideon, bila shaka! Alikuwa amekuwa wakili Nakuru, mwenye ofisi ya vioo na kiti kinachozunguka. Alinikumbatia, akaniitishia chai, akaniambia nisiwe na wasiwasi, shamba la kogo haliendi popote.

Nilimweleza kila kitu kuanzia mahari hadi mazishi. Simu yake ilikuwa mezani ikisikiliza, yeye akijibu simu nyingine.

Zamani ofisi ile ilikuwa na sekretari, mama wa makamo, ambaye aliwasomea wateja hati zao kwa Kiswahili kabla hawajatia sahihi. Nilimuulizia. Gideon akacheka.

"Huyo tulimwachilia, Mama Chebet. Siku hizi tuko na AI. Unaiambia story, inakuandikia affidavit kabla chai ipoe."

Na kweli, chai yangu ilikuwa bado moto karatasi za kiapo zilipotoka! Zilikuwa za Kiingereza, nzuri, zimepangika. Nilimwomba anisomee. Akatazama saa.

"Ni yale yale umesema. Tena imeandika poa kuliko mimi. Weka sign hapa."

Nilitia sahihi. Wewe ungefanya nini? Ni mtoto uliyempakulia chakula kwa mkono wako, leo amevaa suti, anakuambia ni yale yale. Tulivuka ukumbi hadi kwa mwenye mhuri wa viapo, naye akagonga bila kuinua macho. Nikarudi Olenguruone nikiwa nimeapa jambo nisilolijua.

Siku ya kusikizwa kwa kesi nilivaa vizuri. Nilikuwa na wazee wawili walioshuhudia harusi yetu, na nilikuwa na ukweli. Nilidhani ukweli unatosha... mjinga mimi!

Wakili wa Joel alikuwa mwanamke mpole wa sauti ya chini. Aliniuliza mume wangu aliitwa nani. Nikasema Taplelei. Akauliza kama alikuwa mwanamume au mwanamke. Nikasema mwanamke, na nikaanza kumweleza mila. Akaniinulia kiganja ninyamaze, akachukua hati yangu ya kiapo, akasoma taratibu huku mkalimani akinitafsiria.

Hati ilisema kwamba mume wangu, Bwana Taplelei, alinioa kanisani. Kwamba tulizaa watoto wanne. Kwamba alikuwa baba mwenye upendo na mkulima hodari, na alifariki akiwa mikononi mwangu.

Bwana Taplelei! Kwetu hata mtoto anayetambaa anajua kwamba Taplelei ni jina la mwanamke. Watu waliangua kicheko nyuma yangu. Niliwatambua, walikuwa watu wa Joel.

"Katika hati umeapa mumeo alikuwa mwanamume," wakili yule akasema. "Leo umeapa alikuwa mwanamke. Mama, ni kiapo gani kati ya hivi viwili ambacho ni cha uongo?"

Niligeuka kumtazama Gideon. Hapo ndipo palipokuwa pa kuniokoa. Angesimama tu aseme, "Mheshimiwa, kosa ni langu, sikuisoma." Maneno hayo machache tu! Alikuwa akipekuapekua karatasi, masikio yamemwiva.

Akasimama. Akasema kwa Kiingereza, na mkalimani akanitafsiria kwa sauti ya huruma, kwamba yeye aliandika kile ambacho mteja wake alimwambia.

Yaani mimi! Mimi ndiye niliyembadilisha mume wangu akawa mwanamume! Nikashika ubao wa kizimba.

Wazee wangu walipotoa ushahidi walisema kweli tupu, lakini kila neno lao la kweli lilizidi kunionyesha kuwa mwongo, kwa sababu lilipingana na kiapo changu mwenyewe. Nje, kwenye veranda, nilimshika Gideon kwa koti.

"Ni system, Mama Chebet," akanong'ona. "Iliona neno husband, ikaassume ni mwanaume."

"Na wewe?" nikamuuliza. "Wewe uliyemwita kogo, ulidhani ni nani?"

Alisema ana kesi nyingine.

Hukumu ilipotoka, hakimu alisema hawezi kumwamini mtu anayeapa mambo mawili. Ndoa haikuthibitishwa. Shamba ni la ukoo wa Joel. Tulitolewa na mvua inanyesha, magodoro juu ya mkokoteni. Joel aling'oa ua wa miti niliopanda na mume wangu, akafunga ng'ombe zake penye kaburi la Mama. Ng'ombe wanakojoa juu ya kaburi la mtu aliyemsomesha wakili!

Hapo nikaapa kiapo changu mwenyewe, ambacho hakikuhitaji mashine wala mhuri. Niliapa kwamba Gideon atalia.

Sikumtukana. Sikwenda ofisini kwake kupiga kelele. Mamake aliponitembelea Molo kunipa pole, nilimpokea kwa chai, maana yeye hakujua mwanawe alisema nini mahakamani. Aliniambia, akiwa na furaha yake ya mama, kwamba Gideon amepata mchumba. Ni binti wa mzee mmoja mwenye mashamba ya majani chai upande wa pili wa Olenguruone. Akaniomba nije kwenye koito, siku ya kuposa, nikae upande wao badala ya marehemu kogo.

Nilisema nitakuja. Moyo wangu uliruka!

Kwa sababu mimi nilijua jambo ambalo Gideon hakulijua. Mzee yule, baba wa binti, alizaliwa katika nyumba kama yangu. Mamake naye aliolewa na mwanamke. Akina mama wote wa rika langu wanajua, lakini Gideon hakuuliza. Aliyezoea kujibiwa na simu hasumbuki kuuliza watu.

Siku ya koito nilivaa leso mpya, nikaenda nao kwa akina binti, nikakaa kati ya wanawake, mpole kama maji ya mtungi. Wazee walianza kuulizana kama ilivyo desturi, ukoo gani, mnyama gani wa ukoo, kama kuna damu kati ya nyumba hizi mbili. Kisha mzee wa boma, baba wa binti, akauliza kama kuna yeyote anayejua ubaya wowote uliotendwa na kijana huyu, aseme sasa, asije akausema watoto wakishazaliwa.

Nikasimama.

Gideon aliponiona alitabasamu, akidhani nimesimama kumsifu! Nikasema yote. Nilisema ni nani aliyemsomesha, nikasema nilivyofukuzwa na kaburi lilivyo leo. Nikasema kwamba alisimama mbele ya hakimu akaacha ndoa ya nyasi iitwe uongo, ili tu asikubali kwamba hakusoma karatasi yake.

Mzee akamuuliza kama ni kweli.

"Mzee, hiyo ilikuwa tu technical issue," Gideon akasema.

"Mama yangu aliolewa na mwanamke," mzee akasema polepole. "Kwa hivyo mimi hapa pia ni technical issue?"

Kibuyu cha mursik kilikuwa kimeshafunguliwa. Mzee akaamuru kifungwe. Wageni wakaondoka bila kuonja hata tone, na kwetu hakuna aibu inayozidi hiyo. Gideon alilia, tena mbele ya watu, kwa sauti.

Nilifurahi? Nilifurahi sana! Sitawadanganya. Nilipita mbele yake nikifunga leso yangu vizuri, na usingizi niliolala siku hiyo sikuwa nimeulala tangu tutolewe shambani.

Lakini kisasi nacho kina gharama yake. Mamake alinishika mkono njiani akaniuliza, "Mimi nilikukosea nini?" Hajanisalimia tena. Nilimpenda yule mama, na hilo tu ndilo linaloniuma katika mambo yote niliyofanya.

Baada ya majuma kadhaa Gideon alinijia Molo, penye magunia yangu ya viazi, bila tai. Alisema msichana bado anamtaka lakini mzee hataki hata kusikia jina lake, labda mimi niende kumwambia nimemsamehe. Nikaendelea kupanga viazi. Nikamwambia kwanza aape mahakamani kwamba kosa lilikuwa lake, halafu tutaona. Akasema akifanya hivyo wanaosimamia mawakili watamla mzima. Nikamuuliza kama anataka viazi vidogo au vikubwa, maana kuna wateja wanangoja.

Aliapa. Aliandika kwa mkono wake mwenyewe, neno kwa neno. Nikamwambia anisomee kwa Kikipsigis, hapo hapo barabarani, na madereva wa malori wakisikiliza. Alisoma kwamba Taplelei alikuwa mwanamke, kwamba aliijua ndoa yetu tangu utotoni, na kwamba alimsingizia mteja wake. Mara mbili sauti ilimkatika. Nikamwambia arudie.

Sasa nina wakili mwingine, dada mmoja wa Nakuru. Naye anatumia AI, tena haoni haya, lakini kila inachoandika anakisoma na kunisomea, na pale inapokosea anakasirika kunishinda! Kwa kiapo cha Gideon, mahakama imekubali kusikiza kesi upya. Joel ameonywa asiuze hata inchi moja. Malalamiko dhidi ya Gideon nayo tumeshayapeleka panapohusika.

Ndugu zangu, mkienda kwa wakili, awe mtoto wenu au mgeni, msitie sahihi kwenye lugha msiyoielewa. Asomewe nani kama si wewe? Mwambie asome, hata akitazama saa mara mia. Maana siku ya kuulizwa, mashine haisimami kizimbani. Unasimama wewe, na aliye kando yako anaweza kukukana mchana kweupe.

Na kwa wale wanaoniandikia kwenye simu nimsamehe, wakiwemo wachungaji wawili... nimewasikia. Gideon huuliza kila anapokutana na watu wa kwetu kama nimeshaenda kwa yule mzee. Mimi sikumwahidi. Nilimwambia tutaona, na kwa kuwa alikuwa na haraka alisikia ndiyo.

Siku ng'ombe wa Joel watakapotolewa kwenye kaburi la mume wangu, nitavaa leso yangu niende kwa mzee nikamwombee mke. Wasipotolewa, azeeke kwa mama yake.