Misumari Kumi na Mitatu ya Mzee François

Bati lililomuua mzee François lilikutwa katikati ya mihogo, nyuma ya nyumba yake, katika kambi ya wafanyakazi ya Panda, mjini Likasi. Jana yake, saa tisa ya mchana, mvua ya kwanza ya mwaka ilikuja na upepo. Mzee alitoka kuanua nguo, mabati matatu ya ukingo wa nyuma yakaruka, moja likamkata shingoni. Sasa ilikuwa Jumatatu, tarehe 17 mwezi wa kumi 1994, saa kumi na mbili na nusu ya asubuhi, na sajenti Kitenge alikuwa amekwisha kumfunga kamba fundi Godefroid, aliyeezeka nyumba ile.

Mama Philomène alifika akitembea polepole. Marehemu bwana yake ndiye aliyemfundisha Godefroid kazi.

“Ona weye mwenyewe, mama,” sajenti akasema, akimwonyesha msumari. “Laini, mufupi. Ya kupigia sanduku! Huyu muntu alikula misumari ya mzee. Kamio ya kupeleka wafungwa Buluo inaondoka saa sita, ataenda kulala gerezani.”

“Godefroid, ulitia misumari gani?”

“Yenye kusokotwa, mama, kichwa kipana, na kampira chini ya kichwa. Katikati niliruka kilima kimoja cha bati, nikapiga kimoja. Pembeni nilipiga kila kilima, sawa vile tata, bwana yako, alinifundisha.”

“Kampira ya nini?”

“Ya ndani ya kinga. Kinga yangu ni baiskeli ya zamani, mupira wake wa ndani ulikuwa mwekundu. Nilikata na makasi.”

Philomène alipiga magoti kwenye mihogo. Alihesabu matundu ya ukingo wa mabati yote matatu: ishirini na sita. Kumi na matatu yalikuwa yamepasuka, na vipande vya mpira mwekundu vilikuwa bado vimeshikamana nayo. Kumi na matatu mengine, yakipishana na hayo, yalikuwa na misumari laini, bila mpira, mingine ikining'inia kama jino bovu. Aliutoa mmoja kwa vidole tu. Akatia mate kwenye kidole, akasugua bati kuzunguka tundu. Chini ya vumbi kukatokea duara jekundu.

“Chef, kuya uone. Msumari huu haukuwa na mpira. Sasa huu wekundu umetoka wapi?”

Sajenti aliinama. Akakuna shavu.

“Hapa kwanza palikuwa msumari mwingine,” Philomène akasema. “Muntu aliutoa, akaweka huu ili mzee asione mwanga ndani ya nyumba.”

“Muntu gani?”

“Ule ndiye ninamutafuta.”

“Mpaka saa sita, mama. Dakika moja zaidi, hapana.”

Saa mbili alikuwa sokoni mbele ya Fidèle, mwuzaji wa misumari ya zamani iliyonyooshwa. Watu wote walijua kwamba juma lililopita Fidèle aligombana na mzee, akamwambia, “Nyumba yako itaruka!”

“Nilisema, ndiyo,” Fidèle akakubali. “Alikuwa anaita misumari yangu minyoo mbele ya wateja! Lakini, mama, ona huu muguu.” Aligonga plasta iliyokuwa imemfunika mguu mpaka gotini. “Tangu mwezi wa nane. Kupanda kitanda tu ni lazima niombe Mungu kwanza. Nitapanda nyumba ya watu?”

Philomène alicheka bila kutaka. “Ya kusokotwa, nani mwingine alinunua kwako?”

“Hakuna. Tangu watu walipovunja magazini, maduka yote, mwaka wa 91, Likasi haina tena. Ya mwisho alichukua Godefroid. Laini, kila muntu ananunua.”

Saa nne alipiga hodi kwa Constantin, jirani wa nyuma. Ukingo wa mzee ulikuwa juu kabisa ya jiko lake; mtu akisimama juu ya pipa lililokuwa hapo aliufikia kwa mkono. Nyumba ya Constantin, mabati yake ya zamani yote, haikuwa imepoteza hata moja.

“Karibu, mama. Ikala hapa,” Constantin akasema, akimwonyesha rundo la mawe kando ya mlango, naye akaketi juu yake. Ndani mkewe, Jenny, alikuwa akimnyonyesha mtoto wa majuma manne.

“Hukusikia nyundo siku hizi?”

“Hapana. Upepo ni wa Mungu, mama. Nani atamupeleka Buluo?”

Akaaga. Njiani alijipangusa nyuma, mkono ukatoka mwekundu. Kikwembe alichojifunga kiunoni kilikuwa na mistari ya kutu, mitatu, imeachana sawasawa. Akasimama. Kisha akarudi kwa sajenti, na safari hii hakutembea polepole.

Saa tano na dakika arobaini walikuwa wote kwa Constantin: sajenti, Godefroid na kamba yake, na Alphonsine, mjane wa mzee, kitambaa cheusi kichwani.

“Constantin, mawe haya yalikuwa wapi?” Philomène akauliza.

“Ni ya kupikia.”

“Yote kumi na moja? Na hakuna hata moja yenye moshi?” Aligeuza moja. Chini yake kulikuwa na mistari ya kutu. “Jiwe hili lililala juu ya bati miaka. Lilikuwa linashika nyumba yako. Mvua iko karibu, weye unalishusha, na nyumba yako haitikisiki. Sasa inashikwa na nini? Chef, panda pipa.”

Sajenti alipanda. Akapitisha kidole kwenye ukingo, akihesabu. “Misumari ya kusokotwa,” akasema. “Yenye mpira mwekundu. Kumi na mitatu.”

Constantin akaketi chini.

“Jiwe moja lilipasua bati, likaanguka karibu na kichwa cha mutoto,” akasema. “Nilitafuta misumari muji muzima. Nikaona kwa mzee: katikati moja-moja, pembeni imejaa. Nilisema fundi alipoteza tu misumari bure. Nikatoa moja, nikaacha moja, ili pembeni pafanane na katikati. Sikutaka kumuua, mama.”

“Upepo hauingii katikati,” Philomène akasema. “Unashika bati pembeni, vile unamufunua muntu blangeti. Ile uliona ya kupotea bure ndiyo ilikuwa inamulinda.”

Sajenti alifungua kamba ya Godefroid, akamfunga Constantin kwa ileile. “Godefroid, toa misumari yote. Ni ushahidi.”

Upande wa Kapolowe mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya. Alphonsine alimtazama Jenny mlangoni, na mtoto mgongoni.

“Misumari ni ya bwana yangu,” akasema. “Toa moja, ikaseme mbele ya juji kortini. Ingine ibaki mpaka mvua iishe.”

Godefroid alipanda pipa, akang'oa mmoja. Kisha akanyoosha mkono, Philomène akampa jiwe, naye akaliweka juu ya tundu.