Buti za Mteja Mlimani

Kila akitoka shule, kabla hata ya kuvua sare, msichana mmoja alipitia kwanza kibandani kwa baba yake. Baba alikuwa fundi viatu, na kibanda chenyewe kilikuwa kidogo kiasi kwamba mteja akipiga chafya, viatu vya rafu ya juu vinatikisika. Mtaa mzima ulimwita mtoto huyo Binti Fundi. Hakuwahi kulalamika, maana kulalamika kunataka kusema, na kusema ndiko kulikomshinda. Darasani mwalimu akiuliza swali, jibu alikuwa nalo, lakini lilikwama kooni mpaka mwenzake ajibu, tena akikosea.

Kibandani hakukuwa na haja ya maneno mengi. Baba ananyoosha mkono, yeye anampa msharasi wa kutobolea ngozi. Baba ananyoosha tena, anampa uzi uliopakwa nta. Siku zikaenda hivyo, nao wakaelewana.

Ijumaa moja walikuwa na buti nzito za kahawia, za mteja aliyezileta asubuhi Binti Fundi akiwa shule. Soli zilikuwa zimeanza kuachia. Baba alizipaka gundi, akazigandamiza kwa nguvu zake zote, kisha wakazizungushia vipande vya tyubu ya baiskeli, wakakaza mpaka kila buti ikafanana na mguu uliovunjika na kufungwa bendeji.

"Hizi zisiguswe," Baba alisema. "Kesho nikirudi na uzi mpya nazishona, mwenyewe anazifuata saa kumi na moja jioni. Bila kushonwa, gundi peke yake ni ya kutembelea sebuleni."

Binti Fundi akaitikia kwa kichwa.

Alikuwa na lake moyoni. Siku hiyohiyo, wakati wa mapumziko, lilikuwa limetokea jambo ambalo halijawahi kutokea. Nahodha mwenyewe, yule kapteni wa timu ya wasichana ambaye kila mtu alitaka kukaa naye, alikuja mpaka kwenye dawati lake.

"Kesho tunapanda mlima," Nahodha alimwambia. "Mimi, Redio na Twiga. Tunafika mpaka kwenye mnara wa simu, tunapiga picha, tunarudi. Safari ya shule ikija mwezi ujao, sisi tumeshafika! Unakuja?"

Redio alikuwa mvulana aliyeanza kuongea siku anazaliwa na hajanyamaza tangu hapo. Twiga alikuwa mrefu, mpole, na hakuna kiatu kilichomtosha zaidi ya miezi miwili.

"Kwenu si kuna viatu vingi?" Redio akadakia. "Basi wewe ndiye waziri wetu wa viatu!"

Wote wakacheka, na Binti Fundi naye akacheka. Hakuwahi kupewa cheo hata siku moja.

Jumamosi Baba aliondoka saa mbili kwenda kununua uzi na ngozi, akamwachia binti yake ufunguo ili wateja wenye viatu vilivyokwisha kutengenezwa wavichukue. Saa tatu na nusu akina Nahodha walikuwa wamejaa kibandani kama soksi ndani ya kiatu.

"Raba zangu zimetoboka zote mbili," Nahodha alisema, akizungusha macho kwenye rafu. Yakatua kwenye zile buti za kahawia. "Hizo hapo! Hizo ndizo za mlima!"

Binti Fundi akafungua mdomo. Sentensi nzima ilikuwa tayari: hizi hazijashonwa, tena ni za mtu. Lakini Nahodha alikuwa ameshaanza kufungua zile tyubu huku anaimba, na Redio anapiga makofi. Binti Fundi akafunga mdomo. Jioni nitakuwa nimezirudisha, alijiambia. Saa kumi na moja ni mbali.

Akafunga kibanda, wakaondoka.

Ukiwaangalia walivyotoka, ungedhani wanakwenda kwenye sherehe. Nahodha alikuwa na buti za watu na soksi mbilimbili. Redio alivaa viatu vyake vya shule, vimepigwa rangi mpaka vinang'aa, soli zake laini kama sahani. Twiga alivaa kandambili. Begi lilikuwa moja tu, na ndani yake mlikuwa na pakiti ya biskuti, chupa ndogo ya juisi, kitana, na simu ya kaka yake Twiga. Nyumbani Nahodha aliaga kwamba anakwenda kusoma kwa kina Twiga. Twiga aliaga kwamba anakwenda kusoma kwa kina Redio. Redio aliaga kwamba anakwenda kusoma kwa kina Nahodha. Kwa hiyo wazazi wote walijua watoto wako masomoni, ila nyumba yenye masomo hayo haikuwepo.

Saa ya kwanza ilikuwa tamu. Njia ilikuwa pana, Redio akapiga muziki kwenye simu, Twiga akacheza mpaka kandambili moja ikaruka vichakani na kutafutwa dakika kumi. Saa ya pili njia ikawa nyembamba, mawe yakaanza, na jua likawa utosini.

"Nipe maji," Nahodha alisema.

"Maji anayo Redio," Twiga akajibu.

"Mimi? Mimi nimeleta biskuti! Maji si ulisema utaleta wewe?"

"Nilisema nitaleta simu."

Wakamgeukia Binti Fundi. Akatikisa kichwa. Ile juisi ilikuwa imekwisha kabla hata hawajaacha nyumba za mwisho. Biskuti zilikuwepo, lakini jaribu kumeza biskuti kavu na mdomo mkavu. Redio alijaribu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akakaa dakika nzima bila kuongea.

"Mnara ule pale," Nahodha alisema. "Karibu tu. Twendeni."

Ule mnara ulionekana karibu kwa saa nzima. Kisha haukuonekana kabisa, maana wingu lilishuka kama shuka iliyoanguka kutoka kwenye kamba. Upepo ukawa baridi, na mawe yakaanza kulowa. Redio akawa anateleza kila hatua na viatu vyake vya kung'aa, anashika majani, anashika shati la Twiga, anashika hewa. Twiga akatoa simu apige nyumbani. Simu ilikuwa imezima. Muziki ulikuwa umekula chaji yote.

Binti Fundi alikuwa nyuma, na macho yake hayakutoka kwenye buti za kahawia. Aliiona soli ya kulia ikianza kujiachia pale mbele. Mwanzoni ilikuwa ufa tu. Kisha kila Nahodha akinyanyua mguu, buti ikafungua mdomo na kufumba, kama inataka kuongea.

Hata buti inasema, Binti Fundi aliwaza, mimi nimenyamaza.

"Nahodha..." alianza, lakini sauti ilikuwa ndogo, na upepo ukaichukua.

Hatua tatu mbele, soli ikajikunja chini ya mguu. Nahodha akapiga kelele, akaporomoka kwenye kokoto, akaserereka mpaka kichaka kikamzuia. Wote wakamkimbilia. Alikuwa amekaa, magoti yamechubuka, ameshika kifundo cha mguu.

"Sijaumia," alisema huku machozi yanamtoka. "Tumebakiza kidogo. Nishikeni, tuendelee."

"Hapana!"

Redio na Twiga walitazamana kutafuta ni nani aliyesema. Binti Fundi mwenyewe alishtuka.

"Hapana," akarudia. "Tunashuka sasa hivi. Hatuna maji, hatuoni njia, na hiyo buti ilikuwa haijashonwa. Nilijua tangu asubuhi. Sikusema. Twiga, nipe mkanda wako. Redio, toa kamba za viatu vyako."

"Na mimi nishuke na viatu vipi?"

"Vitoe kabisa. Miguu mitupu itashika mawe vizuri kuliko hivyo vioo."

Hakuna aliyebisha. Alipiga goti, akaifunga buti jinsi alivyomwona Baba akifunga mamia ya viatu: kamba inaanza kwenye kidole, inapita chini ya soli, inazunguka kisigino, inapanda juu na kukaza kifundo kilichokwisha vimba. Akamalizia na mkanda. Nahodha akasimama, akajaribu hatua moja.

"Inashika," alisema kwa mshangao.

Wakaanza kushuka polepole, Nahodha katikati, mkono mmoja kwa Twiga, mwingine kwa Binti Fundi. Hawajafika mbali wakasikia kokoto zinalia nyuma yao, na kutoka kwenye wingu akatokea mwanamke mnene mwenye kofia ngumu ya kazi na mkoba wa vifaa mgongoni. Alikuwa anachechemea.

"Enyi watoto! Mnatafuta nini huku?"

"Shikamoo, mama," wakaitikia kwa pamoja.

"Marahaba. Mko na mtu mzima gani?"

Mwanamke akawatazama mmoja mmoja, akatoa chupa kubwa ya maji. "Kunyweni kwanza. Kidogo kidogo, msipaliwe. Mimi ndiye fundi wa huo mnara, nashuka. Tutashuka wote." Akakaa juu ya jiwe, akavua raba moja nyembamba na kujikanda vidole. "Nisubirini kidogo. Leo nimepanda na raba za mdogo wangu, miguu yangu inawaka moto. Buti zangu ziko kwa fundi mpaka jioni. Jumatatu alfajiri nina mlima mwingine, mrefu kuliko huu. Bila buti zile sijui ningefanyaje."

Redio akatoa macho. Nahodha akaurudisha mguu wake nyuma ya mguu wa Twiga, akambana Binti Fundi mkono. Ile buti ilikuwa imefungwa kamba na mkanda, imepakaa tope. Mama wa watu alikuwa ameitazama na hakuitambua. Wangeweza kushuka naye mpaka chini, wakamshukuru, wakaachana.

Binti Fundi akazitazama buti. Akamgeukia yule mama.

"Mama, buti zako ni hizo hapo," alisema, akionyesha. "Mimi ni mtoto wa fundi. Baba hajui. Nilizitoa mimi, na moja imeharibika. Samahani."

Fundi wa mnara aliinama, akafuta tope kwa kidole gumba, akatazama kwa muda mrefu.

"Loo!" mama akasema mwishowe. "Yaani mimi napanda huku nalia na miguu, kumbe buti zangu zinanifuata nyuma!" Akacheka mpaka kofia ikamwinamia usoni, na watoto wakacheka kwa woga. Kisha akaacha kucheka. "Buti tutazungumza kwa baba yako. Lakini nawauliza: wingu hapa hushuka saa ngapi? Hamjui. Nani nyumbani anajua mko huku? Hakuna. Leo ni siku yangu ya kukagua mnara. Ningekuja jana, mngefanyaje na mguu huo? Kabla hujaweka mguu mlimani, uliza wanaoujua, beba maji yako mwenyewe, na aga kwa ukweli. Haya, simameni."

Walifika kibandani saa kumi na moja kasorobo. Baba alikuwa amesimama mlangoni, vipande vya tyubu mkononi. Binti Fundi hakusubiri kuulizwa. Alieleza yote, tangu ufunguo mpaka kokoto, na hakumsukumia mwenzake kosa lililokuwa lake mwenyewe. Baba alisikiliza bila kumkatiza. Kisha akamgeukia mteja wake.

"Mama, nilikuahidi leo. Nimeshindwa, na aibu ni yangu."

"Nipe kesho jioni, fundi. Ila wafanye kazi hao," fundi wa mnara akajibu.

Na kweli walifanya. Wazazi walikuwa wamekwisha ambiwa kila kitu na watoto wenyewe, na kila nyumba ilikuwa na maneno yake, lakini Jumapili baada ya chakula cha mchana wote wanne waliletwa kibandani. Nahodha, mguu wake umefungwa bendeji, alipaka uzi nta. Twiga alifika rafu za juu bila kigoda na kuzifuta vumbi lililokaa miaka. Baba alikuwa amebandika soli mpya usiku uliopita na kuzikaza vizuri. Sasa akamkabidhi Binti Fundi msharasi na kumwonyesha pa kutoboa. Tundu moja, uzi unapita. Tundu jingine, uzi unarudi. Vidole vilimuuma mpaka akasahau kuona aibu.

Jioni fundi wa mnara alivaa buti zake, akapiga mguu sakafuni mara mbili, viatu vyote vya rafu ya juu vikatikisika.

"Zimekaza kuliko zilivyokuwa mpya," alisema, akaenda zake kwa furaha.

Baba akafuta mikono, akaketi mbele ya watoto.

"Buti zikiharibika si jambo la ajabu. Zisingeharibika, mimi ningekula nini? Kilichonitisha ni mguu wa huyu, na kile ambacho kingeweza kutokea. Mwanangu, kuchukua mali ya mteja ni kosa, na umelikiri. Lakini kuna la pili. Wewe ulijua. Wenzako hawakujua. Yalitakiwa maneno mawili tu: hazijashonwa, zisiguswe."

"Lakini Baba Fundi," Nahodha akasema taratibu, "pengine mimi nisingemsikiliza."

"Basi angesema mara ya pili, kwa sauti kubwa zaidi, na ufunguo angeutia mfukoni. Na wewe unayeongoza wenzako, kazi yako ni kuwauliza wamebeba nini na wanajua nini, kisha ungoje jibu. Hata kwa yule mwenye sauti ndogo. Mtu anayejua hatari akanyamaza kwa sababu ya aibu, anawaacha rafiki zake waanguke. Rafiki ni yule anayekwambia hapana wakati unataka kusikia ndiyo."

Binti Fundi alimtazama Nahodha, na Nahodha akamsogelea, akakaa karibu naye.

"Na mimi je, Fundi?" Redio akauliza. "Mimi sijanyamaza hata siku moja, na bado nilikuwa napiga makofi tu pale!"

Baba akamtazama, akashindwa kuzuia kicheko.

"Wewe," alisema, "somo lako litachukua muda kidogo. Anza na ufagio ule pale."