Bahasha Kumi na Mbili Ndani ya Boksi la Opera

"Halina kitu!"

Ndivyo alivyosema mgeni wangu, boksi langu la opera likiwa wazi mapajani mwake. Bahasha za karatasi kumi na mbili, CD hata moja hakuna!

Nilidhani ananitania.

"Kaka, angalia mwenyewe..."

Nikaangalia. Kweli, hamna.

Nyumba hii tuliishi wawili tu, mimi na mke wangu. Ndugu msomaji, ungemshuku nani? Jini?

Ngoja niwaeleze. Mimi nakusanya maboksi ya CD za muziki wa zamani wa okestra na opera, zile tamthilia ambazo watu wanaimba mwanzo mpaka mwisho, hata anayekata roho anaimba. Ninayo hamsini na matatu. Kazi yangu ni mtunza stoo, na stoo tuna sheria: mzigo ukishahesabiwa na kufungwa, haufunguliwi ovyo. Nyumbani nikafanya vilevile. Boksi jipya likija nalifungua mara moja, nahesabu CD, nafunga, napanga kabatini ili kona zisichakae. Muziki wenyewe nausikiliza kwenye simu, hedifoni masikioni, macho nimefumba.

Hili la opera ndilo nililolipenda kuliko yote. Kila Jumapili nililifuta vumbi. Kwa nje.

Mgeni ni mwalimu wa kwaya, mkusanyaji mwenzangu, tulijuana mtandaoni. Akachungulia bahasha ya kwanza.

"Mbona humu kuna kikaratasi?"

Mwandiko wa mke wangu! Akasoma kwa sauti: "Nimeichukua nikaisikilize kazini. Ukigundua, niulize nikusimulie hadithi yake."

"Shemeji mjanja!" akacheka.

Nami nikapoa. Mke wangu ni fundi cherehani, na karakana yao ina redio ya CD.

Cha pili: "Nimechukua na ya pili. Wiki mbili sasa, hujauliza."

Cha tatu alikisoma kimoyomoyo. Kicheko kikamkauka.

"Hiki... soma mwenyewe, kaka."

Nikasoma.

"Mume wangu, tutakuwa watatu! Jana nilitaka kukwambia, ukaniashiria ningoje wimbo uishe. Basi nakuwekea humu, unapopapenda. Jumapili utanikuta jikoni, najifanya sijui kitu."

Tarehe ilikuwa ya miezi saba nyuma.

Miezi saba! Na asubuhi ile mke wangu alikuwa ametoka kwenda kazini na kiuno chake kilekile cha siku zote.

Cha nne nikakitoa polepole...

"Mimba imetoka. Wewe umesafiri kufuata boksi jipya. Dada ndiye aliyenipeleka hospitali."

Safari ile naikumbuka. Nilirudi nikamkuta amelala mchana. Nikamuuliza una nini, akasema homa tu. Nikampa pole na vidonge viwili, kisha nikaenda sebuleni kuhesabu CD.

Bahasha nane zilizobaki hazikuwa na neno.

Mwalimu akaaga kwa sauti ya chini, chai yake hajaigusa. Mtauliza kama nililia. Hapana. Nilikaa palepale nikajikuta nazihesabu bahasha, moja mpaka kumi na mbili, nikimaliza naanza tena. Niliwaza kwamba mtoto angezaliwa mwezi huu, na sikusikia chochote kifuani. Nilikufa ganzi tu.

Jioni mke wangu akaingia. Akaliona boksi mezani, wazi. Akasimama mlangoni na mkoba wake.

"Umelifungua?"

Jamani, usoni mwake kilipita kitu... kama mtu aliyeitwa jina lake baada ya muda mrefu. Ningesema ndiyo, sijui leo tungekuwa wapi. Lakini sikuwa na nguvu ya kudanganya.

"Mgeni ndiye aliyelifungua."

Kitu kile kikazimika.

"Kumbe hata leo si wewe."

"Nisamehe, mke wangu. Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikwambia. Nimekwambia mara nne."

"Na CD ziko wapi?"

Wallahi sijui kwa nini niliuliza hilo! Mdomo ulijisemea wenyewe.

Hakukasirika. Alinitazama kwa huruma, na huruma ile ilikuwa mbaya kuliko kofi.

"Ziko karakana, zote salama. Wenzangu wanazipenda, tunasimuliana hadithi zake tukishona. Kesho nitakurudishia."

Akasogea mezani. Akaokota vikaratasi viwili, cha tatu na cha nne, akavikunja na kuvitia kwenye mkoba.

"Hivi ni vyangu."

Akaenda kwa dada yake usiku uleule. CD zilirudi kesho yake, kumi na mbili kamili. Yeye hakurudi.

Wewe unayesoma hapa, mwenzio yuko chumba hichohicho, kanyamaza. Usijisifu kwamba nyumba yako ina amani. Weka simu chini umuulize leo amepitia nini, na umuulize sasa hivi, wakati bado anatamani kuulizwa.