Ukurasa wa Karani

Jumamosi asubuhi, ngazi za jengo la soko hazina adabu. Wanaopanda na wanaoshuka hupigana vikumbo, wapagazi huomba njia baada ya kuwa wamekwisha kuichukua, na mwenye mzigo wa maji hapewi heshima kuliko mwenye mzigo wa misumari. Ndipo hapo, kwenye kidato cha nne kutoka juu, gunia lilipoigonga ndoo ya bluu, na nusu ya maji yake ikavimwagikia viatu vyeusi vilivyokuwa vimepigwa rangi asubuhi ile ile.

Mwenye viatu alikuwa mwanamume mrefu wa miaka thelathini na minne, shati limechomekwa barabara, penseli sikioni. Mwenye ndoo alikuwa mwanamke aliyevaa gauni la kitani la rangi ya udongo, lililoshonwa na mkono unaoijua kazi. Tepu ya kupimia ilikuwa ingali shingoni mwake, kana kwamba ametoka mbio kwenye cherehani ikiwa bado inazunguka.

"Samahani sana, kaka. Nimekuharibia viatu."

Mwanamume hakuvitazama viatu. Alikuwa ameinama juu ya ndoo, ambamo samaki wa rangi ya dhahabu, mkubwa kama kiganja, alikuwa akihema kwa taabu.

"Viatu vitakauka. Huyu ameanza lini kuvimba?"

"Juzi. Kwani wewe ni daktari?"

"Wa wenye mapezi. Wenye miguu siwawezi."

Hakuwa akitania. Kwenye ghorofa ya juu, pembeni mwa meza ya fundi saa, alikuwa na duka la samaki wa mapambo, matangi ya vioo yamepangwa mpaka darini, na soko zima lilimwita Dakta Mapezi. Alimhamishia mgonjwa ndani ya chupa pana, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akamtazama ubavuni, kisha akamtazama kutoka juu kwa muda mrefu zaidi.

"Maji mnabadilisha lini?"

"Kila Jumapili, ndoo tatu. Baba hupima mwenyewe."

"Anakula?"

"Anatia mdomoni, anatema."

"Njoo usimame hapa nilipo. Unayaona magamba? Yanatakiwa yalale. Figo zake zimeshindwa kutoa maji mwilini, maji yanamjaa, ndiyo maana yamesimama."

"Kama marinda," alisema yule fundi cherehani.

Dakta aligeuka akamtazama. Miaka kumi na mitano alikuwa akiutafutia ugonjwa ule mfano uliokaa sawa, na leo ameupata kwa mtu aliyemlowesha soksi.

Ilikuwapo desturi dukani mwake. Kila mgonjwa alipewa ukurasa katika daftari kubwa lenye jalada la kijani, na humo Dakta aliandika kile alichokiona, bila kupunguza neno. Lakini kwa mdomo, mwenye samaki aliambiwa neno moja tu: atapona. Alirithi mwenendo huo kwa aliyemfundisha kazi, kwa hoja kwamba mtu aliyekata tamaa humtupa samaki kabla dawa haijafika tumboni. Hoja ilikuwa na mantiki. Ila mtu akizoea kusema jambo kwa sababu linafaa, hufika siku akasahau kuuliza kama ni kweli.

Aliandika mistari miwili, akafunga daftari.

"Nitakuuliza swali moja," mwanamke alisema, "na unijibu kama unavyomjibu mtu mzima. Huyu si wangu. Ni wa baba. Mama alimnunua siku baba alipostaafu posta, akamwambia, nimekuletea karani wako mpya. Mama hayupo tena. Atapona?"

Macho yake yalikuwa makavu, lakini vidole vilikuwa vimeikaza tepu shingoni.

"Atapona," alijibu Dakta Mapezi.

Kwa kuwa samaki aliyevimba hapendi kubebwabebwa, tiba ilifanyikia nyumbani. Kila siku saa kumi na moja jioni Dakta alibisha hodi katika nyumba ile ya vyumba vitatu, ambamo sebule moja ilikuwa imegawanywa kati ya cherehani na tangi la kioo. Alimtenga Karani katika beseni la maji ya uvuguvugu, akampimia chumvi ya haluli ili maji yaliyomjaa yapate kutoka, akachanganya dawa katika punje za njegere zilizochemshwa na kumenywa. Baba mtu, mzee mnyoofu mwenye miwani mizito, alisimamia yote kutoka kwenye kiti chake, miguu imefunikwa blanketi.

"Kijana, huyo ana miaka kumi na mmoja kazini na hajachelewa hata siku moja. Mtendee kwa utaratibu."

"Ndiyo, mzee."

"Na hiyo chumvi, umeipima au umeikisia?"

"Nimeipima, mzee."

"Pima tena."

Asubuhi, kabla matangi hayajafunuliwa, simu ililia.

"Dakta, mgonjwa wako amekula njegere mbili."

"Na wewe umekula?"

"Mimi si mgonjwa wako."

"Sijasema u mgonjwa. Nimeuliza kama umekula."

"Chai tu. Nina magauni sita ya watu."

"Basi nawe nitakumenyea njegere."

Alicheka, na kile kicheko kikamkalia Dakta sikioni mpaka adhuhuri, karibu na penseli. Fundi saa, ambaye jicho lake moja lilikuwa na lenzi na la pili lilikuwa na umbea, hakuweza kunyamaza.

"Ndugu yangu, samaki gani huyu anayetembelewa siku kumi na nne mfululizo? Au anatibiwa samaki na anayepona ni daktari?"

"Tengeneza saa zako."

"Saa zangu zinakwenda. Wewe ndiye unayekimbia."

Yako mambo ambayo macho hayawezi kuyaficha. Fundi cherehani alianza kuvaa gauni la kijani siku za kawaida. Dakta alinyoa ndevu mara mbili kwa siku. Jioni moja walikutanisha mikono ndani ya beseni, mmoja akimshika Karani, mwingine akimwagia maji, na hakuna aliyeharakisha kuutoa mkono wake. Kisha Dakta akainama akamnong'oneza samaki jambo.

"Unamwambia nini?"

"Siri ya daktari na mgonjwa."

"Ndani ya nyumba yangu?"

"Siku moja nitakwambia, mpenzi."

Neno lilimtoka lenyewe. Mzee, kitini, aligeuza ukurasa wa gazeti ambalo alikuwa amekwisha kulisoma.

Siku ya kumi na tisa fundi cherehani alikuja dukani mwenyewe, amevaa lile gauni la kijani, kuchukua dawa iliyopungua. Dakta alikuwa nyuma, mikono imezama tangini mpaka viwikoni.

"Iko kwenye droo, mpenzi. Kipimo kiko kwenye daftari, tafuta ukurasa wa Karani."

Mtu aliyezoea kusema neno lile moja hakuona alichokuwa akikifanya. Alisikia karatasi zikifunuliwa, kisha hakusikia kitu. Alipotoka, akijifuta mikono, mwanamke alikuwa amesimama wima mbele ya daftari, kidole kwenye mstari wa kwanza.

"Magamba yamesimama, macho yametokeza," alisoma polepole. "Hatapona. Wiki tatu." Akainua uso. "Tarehe hii ni ile Jumamosi. Wino ulikuwa haujakauka nilipokuuliza."

"Nilikuwa..."

"Ngoja. Mama alipolazwa, mimi nilikuwa nikifanya kazi mji mwingine. Kila jioni nilipiga simu. Shangazi akaniambia, anaendelea vizuri. Mjomba akaniambia, ana nafuu. Baba mwenyewe akaniambia, maliza kazi yako, mama yako atapona. Nikamaliza kazi yangu. Nikafika nikakuta amekwisha kuzikwa, viatu vyake vimetolewa nje." Aliifunga dawa katika leso. "Watu wote wale walinipenda. Nilidhani wewe utanipenda vingine."

Dakta hakujitetea, na hilo tumhesabie, kwa kuwa alikuwa na hoja na mara hii aliona aibu kuitumia.

"Usije leo," alisema mwanamke. "Wala kesho."

Karani alikufa siku mbili baadaye, mchana, mbele ya mzee. Habari zilimfikia Dakta kwa simu, nazo hazikutolewa na binti.

"Kijana," sauti ya mzee ilisema, "karani wetu amestaafu. Nimeona ujue kutoka kwangu." Kwa mbali Dakta alisikia mlio wa mapovu. "Pampu ya tangi nimewakataza kuizima. Nimeizoea."

Wiki saba zilipita. Dakta aliendelea kufungua duka saa mbili kamili, lakini lile neno liliacha kumjia mdomoni. Mteja alipouliza, aliambiwa kilichoandikwa. Baadhi yao walikasirika. Mmoja aliketi chini akalia, kisha akauliza ni nini anachoweza kufanya ili samaki wake asiumie, na Dakta akamwonyesha. Fundi saa alitazama yote hayo kwa jicho lile lenye lenzi, na safari hii hakutania.

Simu ililia siku ya Jumanne.

"Ni mimi."

"Najua."

"Baba amelazwa. Moyo. Njoo, kama unaweza."

Alimkuta kwenye benchi la ukanda wa hospitali, tepu shingoni, gauni limekunjamana kwa namna ambayo yeye mwenyewe asingemruhusu mteja alivae. Shangazi na mjomba walikuwa wamekwisha kuja na kuondoka.

"Wameniambia atapona," alisema. "Shangazi ameapa kabisa. Daktari wake amezungumza maneno mengi, nikatoka bila hata moja. Muuguzi amenishika bega. Mpenzi, ingia umtazame, kisha unijibu. Najua wenye miguu huwawezi."

Dakta aliingia. Mzee alikuwa ameinuliwa kwa mito mitatu. Miguu, bila blanketi, ilikuwa imejaa, ngozi inang'aa; kifua kilikuwa kikihema kwa namna ambayo Dakta alikuwa ameiona kwenye ndoo ya bluu. Mzee alifumbua macho.

"Umekuja kunipimia chumvi?"

"La, mzee. Nimekuja kukuamkia. Shikamoo."

"Marahaba. Huko nje wanamwambia nini?"

"Kwamba utapona."

Mzee alipumua mara mbili, tatu.

"Mara ile ya mama yake niliwaongoza mimi mwenyewe katika uongo huo. Sina nguvu za kumwambia. Wewe je?"

Ukanda ule una hatua ishirini na mbili. Dakta alizihesabu. Kisha akapiga magoti mbele ya benchi, akamshika mikono yote miwili.

"Mimi si daktari wa watu, na tutaingia pamoja tumwombe wa kwake atueleze pole pole. Lakini umeniuliza mimi. Hatapona, mpenzi. Kaa naye."

Hakupiga kelele. Alimwegemea begani, akalia mpaka shati likalowa kama viatu vilivyolowa siku ile, na alipomaliza alisema neno moja, "Asante," akainuka akaingia ndani.

Daktari wa mzee alithibitisha, kwa maneno marefu zaidi. Kazi za watu zikapelekwa kwa mafundi wengine, cherehani ikafunikwa shuka, na mzee akapelekwa nyumbani kwa ombi lake, akalazwa sebuleni karibu na tangi tupu linalotoa mapovu. Siku kumi na moja binti alikaa naye. Walizungumza juu ya mama. Mzee alimwomba radhi kwa ile simu ya zamani, naye akampa. Kila saa kumi na moja jioni Dakta alikuja akabadilisha maji ya tangi lisilo na samaki, ndoo tatu, kwa kipimo, mzee akisimamia. Siku ya kumi na mbili hapakuwa na wa kusimamia.

Mwezi mmoja baada ya mazishi, fundi cherehani alipanda ngazi za soko asubuhi, mikono mitupu, amevaa lile gauni la rangi ya udongo.

"Nipe daftari."

Dakta alimpa. Alitafuta ukurasa wa Karani, akamchomolea penseli sikioni, akaandika chini ya mstari wa mwisho kwa herufi nyembamba za mtu aliyezoea kuandika vipimo: Baba. Siku kumi na moja. Nilikuwapo.

Kisha hakurudisha penseli.

"Ulikuwa ukimnong'oneza nini?"

"Nilimwomba asife upesi, nipate kuendelea kuja."

Mwanamke alilifunga daftari.

"Hilo ungeniambia mimi. Ningekwambia uje tu."

"Sasa nakwambia. Nataka nije, na nisiondoke. Siahidi kwamba hatutalia."

"Hilo nimelisikia." Alimrudishia penseli sikioni kwa mkono wake mwenyewe. "Njoo leo, saa yako ile ile. Pampu bado inanguruma. Peke yangu siwezi kuizima."