Étiquette za Séphora

Séphora Ntumba alikuwa anapiga picha kikwembe, kile kitambaa anauzishaka, pale sokoni penye bantu banasukumana, wakati mufuko wa bitunguu ulipita mbele ya telefone yake. Chini ya mufuko kulikuwa muntu: Mbusa, mwenye depo ya bitunguu.

"Papa, toka mu picha yangu!"

"Mama, bitunguu habiyui kupita pembeni," Mbusa akamujibu, jasho inamushuka mu macho. "Na ile manjano ya kikwembe yako! Unataka kuuzisha, ama unataka kusimamisha magari?"

Kinywa ya Séphora kilifunguka kwa kutukana, kikatoa kicheko. Alivaa jupe nyeusi, kitambaa kirefu ku kichwa, na sandale za dhahabu zenye hazikupatana na matope hata kidogo. Mbusa alikuwa na tisheti ya vumbi nyekundu ya Naviundu. Mabega yake tuyaache: Mungu aliyaona mbele yetu.

Magaribi, Séphora akatia ile picha ku Facebook vile ilikuwa, na Mbusa na mufuko yake ndani. Chini yake akaweka étiquette, sawa vile banafanyaka bote benye kuuzisha ku internet: ile alama #, kisha neno, ili mwenye kutafuta kintu akipate. #kikwembe. #Lubumbashi. Na #dot, juu bamama benye kuolesha bana njo neno banaandikaka bakitafuta nguo ya mahari. Kisha, kwa mizaha, akaongeza: #bwanawabitunguu.

Batumishi ba Mbusa balimuonyesha, banaanguka na kicheko. Akapiga namba ya Séphora, yenye iliandikwa chini ya picha.

"Allô, njo hapa banauzishaka babwana ba bitunguu?"

"Stock iliisha. Ilibakia moja tu, iko na domo mingi."

"Basi muniwekee ule pembeni, chérie. Nakuya kumukamata miye mwenyewe."

Akakuya. Bakakula samaki ya kuchoma kule Karavia, bakagombania mifupa. Tantine Marie-Thérèse, mwenye alilea Mbusa tangu Butembo, akanunua mbuzi ya mahari. Samedi, siku ya jumamosi, jamaa ya Mbusa ilipashwa kuenda kubisha mulango kwa bazazi ba Séphora, kule Kasapa, kumuposa.

Siku mbili mbele ya ile samedi, Mbusa, ndani ya depo yake, akafungua telefone. Ku page ya Séphora akamuona mu nguo ya wax ya bleu. Pembeni, kijana mumoja na shati ya wax ile ile, mukono wake ku kiuno ya Séphora. Chini: #dot #fiancés #Rodrigue, sawa vile bachumba banaandikaka.

Telefone ikalia pale pale: Séphora.

"Chéri, ulikula?"

"Uliza Rodrigue."

Akakata. Akaizima kabisa, akarudi ku nyumba kwa tantine.

"Tantine, samedi hatuende tena."

Marie-Thérèse alikuwa anachagula maharagi. "Nani alikufa?"

"Miye."

"Maiti haivae kofia muzuri vile. Leta telefone."

Akaiwasha, akaangalia sana. Ule mama kila magaribi anaangaliaka ndoa za bantu benye hayue. Akafinya kidole ku lile neno ya bleu, #Rodrigue. Mbusa hakukumbuka kulifinya. Mapicha yakashuka kama mvula: Rodrigue na Delphine mu nyekundu, Rodrigue na Abigaëlle mu kijani, Rodrigue na Céline na kitunga ya matunda. Bote #dot, bote #fiancés. Ku mwisho, Rodrigue alishika kiuno ya mama mumoja munene, mwenye mvi, anacheka meno yote inje.

"Na huyu ni nani?"

Mbusa akainama ku telefone. "Mama ya Séphora."

"Aka! Kijana alioa mpaka mama mukwe yako!" Marie-Thérèse akacheka mpaka maharagi yakamwangika. "Mwana, ule ni mannequin, kijana wa kuvaa nguo ku picha. Banamulipaka na shati. Weye unasoma étiquette moja, unafunga duka nzima?"

Haya ikamukamata Mbusa, lakini moyo ikakuwa mwepesi. "Aksanti, tantine. Aksanti sana."

"Usinishukuru miye. Kimbia!"

Alikuta Séphora sokoni, anakunja bikwembe, macho imevimba, lakini midomo amepaka rouge kwa kiburi.

"Tulishafunga. Bitunguu biko kule."

"Nilikosa."

"Sauti haifike."

"NILIKOSA!" Mama wa pembeni, mwenye kuuzisha bitoyo, samaki ya chumvi, akaweka kisu chini ili asikie muzuri.

"Ungeniuliza tu, Mbusa."

"Niliogopa. Niliona shati yake safi, nikasema: njo ule anafaa. Miye niko muntu wa mifuko."

Séphora akaacha kukunja. Kisha, pole pole: "Na miye nilipashwa kukuambia. Ile maneno naandikaka juu ya bakliya, benye kununua. Nilizoea, nikasahau kama neno fiancé iko na mwenyewe."

"Basi samedi tunakuya. Mbuzi alishanunuliwa."

"Munakuya juu ya mbuzi?"

"Juu yako. Mbuzi anatusindikiza tu. Unanikubali, mupenzi?"

"Simama pale kwanza." Akainua telefone.

"Nivae shati ya muzuri?"

"Ikala vile vile."

Akamupiga picha na vumbi yake, macho ya maji, ganda ya kitunguu ndani ya nywele. Akaituma ku Facebook. Kikwembe hakukuwa. Étiquette zilikuwa mbili tu: #aksantiMungu #haiuzwi.

Mbele Mbusa amalize kusoma, mama mumoja wa Kipushi alishaandika: "Séphora, huyu bei gani?"

Séphora akajibu na kidole kimoja, ule mukono mwingine Mbusa alishaushika:

"Mama, soma étiquette."